Dawa za sonona hazitaki haraka, kuanza wala kuacha

Sisi tunaokaa dirisha la dawa kwenye kliniki ya afya ya akili tunaona watu wakiacha dawa zao kwenye vipindi viwili hasa. Kuna anayeacha wiki ya pili sababu anaona dawa haijamsaidia chochote zaidi ya kumtia kichefuchefu, na kuna anayeacha baada ya miezi michache sababu anajiona kapona. Ukiwasikiliza wote wana sababu ya maana kabisa, ila hakuna aliyekaa nao chini akawaeleza hii dawa inavyofanya kazi, na hilo ndo nataka tuliongee leo.

Dawa ya sonona, au dipresheni kama wengi wanavyoiita, haifanyi kazi kama Panadol kwamba unakunywa saa hii na baada ya saa moja kichwa kimetulia. Vidonge kama fluoksetini, sertralini au sitalopramu vinagusa serotonini, kemikali ya kwenye ubongo inayohusika na hisia, mapema tu, lakini hali ya mtu haibadiliki hapo hapo, ubongo unachukua muda kujipanga upya, kwa wengi nafuu inaanza kuonekana kati ya wiki ya 2 na ya 4, na nafuu ya kueleweka inaweza kufika wiki ya 6 au hata ya 8. Sasa shida ni kwamba maudhi ya dawa hayasubiri. Kichefuchefu, kuharisha, kichwa kuuma, usingizi kukata, mikono kutetemeka, mwili kutotulia tu bila sababu, hayo yanaweza kuanza siku za kwanza kabisa, kwa hiyo kuna wiki mbili tatu hivi ambapo mtu anapata shida za dawa na faida yake bado hajaiona. Ukilijua hilo mapema unavumilia, usipolijua unatupa pakiti. Mengi hupungua yenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Kidonge kikikuchafua tumbo kunywa pamoja na chakula, kikikukatia usingizi hamishia asubuhi, na zile zinazolaza kama amitriptilini hunywewa usiku. Maudhi yakizidi rudi kwa daktari, dozi inaweza kushushwa au dawa ikabadilishwa, zipo za aina nyingi na inayomkataa mmoja inamkubali mwingine.

Kuna jambo la hizi wiki za mwanzo ambalo ndugu wa mgonjwa wanatakiwa walijue kuliko hata mgonjwa mwenyewe. Wakati mwingine nguvu za mwili zinarudi kabla huzuni haijaondoka, na wengine wanapata wasiwasi na mhangaiko mkali. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza hizi dawa ziwekewe onyo kali kuhusu mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana wadogo, na 2007 onyo likapanuliwa hadi umri wa miaka 24. Hii haimaanishi dawa ni sumu, sonona isiyotibiwa nayo inaua, maana yake ni kwamba mtu akianza dawa au akibadilishiwa dozi asiachwe peke yake. Mkiona hatulii, anatembea tembea usiku, hasira za ghafla ambazo si zake, anaanza kuongelea kufa au kugawa vitu vyake, msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Na muulizeni wazi kama anawaza kujiua, swali hilo halimpandikizii mtu wazo, wengi wanashusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Na kama umewahi kupitia kipindi cha kukaa siku kadhaa hulali na wala huchoki, mawazo yanakimbia, hela unatapanya, mwambie daktari kabla hujaanza, sababu hiyo inaweza kuwa baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na dawa ya sonona ikitumika peke yake inaweza kukurusha juu kupita kiasi.

Jingine linalotunyima raha sisi wafamasia ni kuchanganya dawa. Mtu mgongo unamuuma, anaingia duka la dawa, anaulizwa kuna dawa nyingine unatumia? Anageuka, nyuma yake kuna foleni, anajibu hamna. Anapewa tramadoli. Sasa tramadoli nayo inapandisha serotonini, zikikutana mbili inaweza kuzidi mwilini, unaona jasho linamwagika, moyo unakimbia, misuli inakakamaa au kurukaruka, anaharisha, homa inapanda, anachanganyikiwa, na mara nyingi hayo yanajitokeza ndani ya siku moja tu. Hiyo ni dharura, hospitali moja kwa moja. Tramadoli haiko peke yake, kuna dekstromethofani ambayo imo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi, na mmea wa St John's wort ambao watu wanaunywa wakijua ni wa asili hauna madhara. Zile dawa za kundi la kuzuia MAO, yaani kimeng'enya kinachovunjavunja serotonini, hazichanganywi kabisa na hizi, lazima upite muda kati ya moja na nyingine, kawaida wiki 2, na ukitoka kwenye fluoksetini ni wiki 5 sababu inakaa sana mwilini. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zikiungana na hizi zinaongeza uwezekano wa tumbo kutoka damu, kwa maumivu ya kawaida parasetamoli ni salama zaidi. Pombe iache.

Na kuhusu aibu ya foleni, piga picha boksi la dawa yako kwenye simu. Ukiulizwa mpe muuzaji simu asome mwenyewe, huna haja ya kutamka chochote.

Ukisahau kidonge usinywe viwili kufidia, kunywa ukikumbuka, ila kama muda wa kinachofuata umekaribia achana na kilichopita. Amitriptilini na ndugu zake zikizidi zinasimamisha moyo, kwa hiyo kama ndani kuna mtu aliyewahi kufikiria kujidhuru, omba upewe za siku chache chache na ndugu mmoja azitunze mbali na watoto. Wazee waangaliwe pia, hizi dawa zinaweza kushusha chumvi ya kwenye damu, mzee akianza kuchanganyikiwa au kuanguka anguka apimwe damu, msiseme ni uzee tu. Mama ukigundua una ujauzito usiache dawa siku hiyo kwa woga, muone daktari haraka mpime pamoja.

Kuna hili la tendo la ndoa, watu wanaona soni kulisema lakini linaachisha wengi dawa kimya kimya. Hamu kupungua au kuchelewa kufika kileleni ni maudhi ya kawaida sana kwenye hizi dawa na yanazungumzika, dozi inaweza kupunguzwa au ukahamishiwa dawa isiyo na shida hiyo sana. Sema tu, daktari ameshayasikia.

Tuje kwenye kuacha sasa. Ukijisikia vizuri ni dawa inafanya kazi, bado unahitaji angalau miezi 6 tangu upate nafuu, na kwa mtu ambaye sonona imeshamrudia mara kadhaa daktari anaweza kusema miaka 2 au zaidi. Wengi wanauliza kama zinaleta uteja. Hazikupi arosto ya kuzitafuta usiku na mchana wala hutaki dozi izidi kukua kila siku, ila mwili unazizoea, na ukizikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto za kutisha, machozi ya karibu, na ile hali ambayo wagonjwa wanaielezea kama shoti ya umeme inapita kichwani hasa ukigeuza macho. Paroksetini na venlafaksini ndo zina sifa hiyo zaidi sababu zinatoka mwilini haraka, fluoksetini inatoka taratibu. Kwa hiyo zinashushwa kidogo kidogo, wiki kadhaa na kwa wengine miezi, na ngazi za mwisho mwisho ndo zinatakiwa ziende polepole kuliko zote. Usivunje kidonge wala kufungua kapsuli bila kuuliza, kuna zilizotengenezwa kuachia dawa taratibu na ukizivunja unaipata yote kwa mpigo.

Na ukiwa unapunguza angalia dalili zimekuja lini. Zikija ndani ya siku chache, na hizo shoti na kizunguzungu ambavyo hukuwa navyo kabla, mara nyingi ni mwili unailalamikia dozi iliyoshuka. Ikiwa wiki zimepita, halafu taratibu unaona hamu ya vitu inapotea, usingizi unakata alfajiri, watu hutaki kuwaona, huo unaweza kuwa ugonjwa unarudi. Yote mawili mpigie daktari wako kabla hujashuka ngazi inayofuata, anaweza kukurudisha kwenye dozi ya mwisho iliyokuwa inakukaa vizuri, mkatulia hapo, kisha mkaanza tena kwa hatua ndogo zaidi.