Je, wajua kwa nini laini mbili za umeme kwenye mnara mmoja hudanganyana?

Laini kubwa ya umeme ya Nairobi–Mombasa, yenye urefu wa kilomita 482, ina saketi mbili, yaani seti mbili za nyaya tatu tatu, juu ya minara ileile. Moja ikipata hitilafu, ya pili hubeba mzigo. Ila ujirani huo huchanganya relei, kifaa kinachoamuru breka, yaani swichi kubwa ya laini, ikate umeme.

Relei ya umbali hugawanya volti kwa mkondo, ikapata impedansi, yaani ukinzani wa laini, na kwa hiyo hukisia hitilafu iko kilomita ngapi. Umbali huo hugawanywa kwa kanda: kwa kawaida kanda ya kwanza hukata papo hapo hadi asilimia 80 ya laini. Kanda ya pili hufika asilimia 120, nayo husubiri kama milisekunde 400.

Huku pwani chumvi ya bahari hushika vikombe vya minara, vile vinavyotenga waya na chuma cha mnara. Umande wa alfajiri ukiilowesha, umeme huweza kuruka kutoka kwenye waya hadi mnarani, kisha ardhini. Hapo ndipo tatizo huanza. Mikondo ya nyaya tatu zenye mzigo uliosawazika hufutana, lakini mkondo unaorudi kwa ardhi haufutwi na kitu: huzaa volti katika saketi jirani, na relei haijui volti hiyo imetoka wapi.

Chukua saketi ya kilomita 100 ambayo impedansi yake ya ardhini ni mara tatu ya ile ya kawaida, na athari ya jirani ni asilimia 60 ya hiyo ya ardhini. Hitilafu ikiwa mwisho kabisa, saketi zote zikibeba mkondo sawa, relei huiona kilomita 136. Kanda ya pili ya asilimia 120 haiioni kabisa! Kwa hiyo huongezwa hadi asilimia 150 hivi.

Hatari kubwa zaidi ni wakati wa matengenezo. Saketi jirani ikizimwa na kufungwa ardhini ncha zote mbili, mkondo unaozaliwa ndani yake huenda kinyume, na hitilafu ileile huonekana kilomita 78. Relei hukata papo hapo hitilafu ambayo huenda iko nje ya laini yake, na saketi pekee iliyobaki huzimika. Kanda ya kwanza ishushwe hadi asilimia 70 au chini, kwa seti maalum ya mipangilio, kabla ya swichi za ardhi kufungwa.

Relei ya tofauti haidanganyiki hivyo, maana hulinganisha mkondo unaoingia na unaotoka kupitia nyuzi za kioo zilizo ndani ya waya wa juu ya mnara. Nyuzi zikikatika, kazi hurudi kwa relei ya umbali, kwa hiyo mipangilio yake lazima iwe sahihi siku zote.