Taalimungu ya kichungaji ni nini?

Neno "kichungaji" Wakatoliki tunalisikia mara kwa mara: barua ya kichungaji ya askofu, ziara ya kichungaji parokiani, shughuli za kichungaji. Karibu kila tunapolisikia, anayekuja akilini ni padre. Yeye mchungaji, sisi kondoo. Kwa hiyo mtu akiambiwa kuna "taalimungu ya kichungaji" (taalimungu ni elimu juu ya Mungu na imani, yaani teolojia), hudhani ni mafunzo ya kazi kwa mapadre: namna ya kuhubiri, kuungamisha, kuzika.

Hakukosea sana, maana ndivyo somo hili lilivyoanza. Mwaka 1774 Franz Stephan Rautenstrauch, abate Mbenediktini wa Braunau huko Bohemia, alimwandalia mtawala Maria Theresia mpango mpya wa masomo ya taalimungu katika vyuo vikuu vya Austria. Ndani yake aliingiza somo linalojitegemea, taalimungu ya kichungaji, tena akataka lifundishwe kwa Kijerumani, wakati lugha ya usomi wa taalimungu ilikuwa Kilatini. Sababu yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Padre hatamfariji mgonjwa kwa Kilatini. Somo linalohusu maisha ya watu lilipaswa kufikiriwa katika lugha ya watu hao. Dola nayo ilikuwa na faida yake hapo, kwa kuwa ilimtaka paroko awe pia mlezi wa raia wema.

Kijerumani kina neno lake kwa kazi hii: Seelsorge. Seele ni roho. Sorge ni matunzo, lakini pia ni wasiwasi, ule wa mama ambaye mtoto ana homa usiku. Neno letu "kuchunga" linabeba kuongoza na kulinda; lile lao linaongeza kukosa usingizi kwa ajili ya mwingine. Napenda tuyashike yote mawili.

Swali lililokuja kubadili dhana hii ni: anayechunga ni nani? Mwaka 1841 mtaalimungu Anton Graf wa Tübingen, Ujerumani, aliandika kwamba somo hili lisimwangalie padre peke yake, bali liangalie namna Kanisa zima linavyojijenga. Wazo hilo lilichukua zaidi ya miaka mia moja kukomaa. Kati ya 1964 na 1972 kikatoka kitabu kikubwa cha mwongozo wa taalimungu ya kichungaji, mtaalimungu Mjerumani Karl Rahner akiwa mmoja wa wahariri wake, na humo mtendaji ni Kanisa lote: walei, watawa, mapadre, maaskofu. Katikati ya miaka hiyo, tarehe 7 Desemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulipitisha Gaudium et spes, hati iliyoitwa rasmi ya "kichungaji" ingawa inazungumzia ndoa, uchumi, siasa, vita na amani. Tangu hapo hakuna tena sababu ya kulifungia neno hili sakristia.

Mabadiliko hayo unaweza kuyafuata ndani ya jarida moja. Theologisch-praktische Quartalschrift lilianza mwaka 1848 mjini Linz, Austria, na bado linatoka mara nne kwa mwaka. Jina lake linaunganisha taalimungu na matendo. Zamani lilikuwa na sehemu ya maswali na visa vya kichungaji: jambo gumu la ndoa au la maungamo linaelezwa, kisha msomi anatoa jibu la kufuata. Kwa paroko aliye peke yake kijijini, huo ulikuwa msaada wa kweli. Siku hizi kila toleo huwa na mada kuu, na mada hiyo hutazamwa kutoka pande kadhaa.

Tofauti kati ya mitindo hiyo miwili ndiyo kiini cha dhana yenyewe. Katika visa, jibu lilikuwa tayari kwenye sheria na mafundisho. Matendo yalikuja baadaye, kama mtu anayepeleka barua iliyokwisha kuandikwa. Taalimungu ya kichungaji ya leo inasema maisha ya watu nayo yana la kuifundisha imani. Ndiyo maana huanza kwa kutazama hali ilivyo, ikaipima kwa Injili, kisha ikauliza la kufanya. Paul Zulehner, aliyefundisha Vienna kwa miaka mingi, aligawa kazi yake katika hatua zinazofanana na hizo.

Mfano ni jimbo la Trier, Ujerumani, lililopanga kuunganisha parokia zake 887 ziwe 35. Mtu wa utawala atauliza mapadre watatosha vipi. Mtaalamu wa uchungaji atauliza pia nani atamfahamu bibi kizee anayeishi peke yake katika kijiji ambacho kituo cha parokia kimehama. Waamini walilalamika, na mwaka 2019 Roma ikausimamisha mpango huo.

Fikra hizi hazikubaki Ulaya. Wajerumani wawili, Fritz Lobinger na Oswald Hirmer, walifanya kazi katika taasisi ya Lumko huko Afrika Kusini, na baadaye wote wakawa maaskofu nchini humo. Kutoka Lumko zilienea zile hatua saba za kushirikishana Injili ambazo wengi tunazijua kutoka jumuiya ndogo ndogo: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia neno lililogusa, kunyamaza, kushirikishana, kisha hatua ya sita, kuamua tutafanya nini, na mwisho kusali. Njia hiyo ilirudi Ujerumani pia, huko wakaiita Bibel-Teilen, kushirikishana Biblia. Katika hatua ya sita anayeuliza si lazima awe padre. Mara nyingi ni mama mwenyekiti wa jumuiya, kwenye mkeka, akitaka kujua nani kesho ataenda kumwona mgonjwa.