Hita ya propeni isiyo na bomba la moshi: maswali ambayo watu wetu wanauliza kila baridi ikiingia

Kila mwaka ikifika Novemba huku Marekani mambo ni yale yale, bili ya umeme inapanda, nyumba inavuja baridi kila upande, alafu mtu anapita dukani anaona hita ya gesi ya kutundika ukutani bei nafuu, haihitaji dohani, haihitaji umeme, anabeba. Wengi wanaoniuliza ni Wakongo, Wakenya na Watanzania wanaokaa Kentucky, Iowa, Ohio na sehemu nyingine za baridi, hasa nje ya mji ambako bomba la gesi ya mtaa halifiki. Sisemi usinunue. Nasema usiwashe kabla hujajua inafanyaje kazi, kwa sababu hii kitu moshi wake wote unabaki chumba hicho hicho unachopumulia wewe na watoto.

Hiyo hita isiyo na bomba ni ipi hasa?

Ni hita inayochoma propeni, yaani gesi ya mtungi, jamii moja na ile tunayopikia kwetu, lakini haina bomba la kutoa moshi nje. Utawasikia wakisema asilimia 99 ya joto inabaki ndani, na ni kweli, sasa jiulize na vingine vinabaki wapi. Gesi ikiungua inatoa kaboni dayoksaidi, mvuke mwingi wa maji, naitrojeni dayoksaidi kidogo, na ikiungua vibaya inatoa kaboni monoksaidi, ile isiyo na rangi wala harufu, ndo inayoua. Jimbo la California limekataza hizi hita ndani ya nyumba za kuishi. Majimbo mengi yanaruhusu kwa masharti, na mji au kaunti yako inaweza kuwa na sheria yake, kwaiyo piga simu ofisi yao ya ujenzi kabla hujatoa hela.

Muuzaji aliniambia ina sensa, hewa ikipungua inajizima yenyewe. Si inatosha?

Haitoshi, na hapa naomba usome polepole maana ndipo watu wengi wanapodanganyika.

Hita nzuri ina kimoto kidogo kinachowaka muda wote, wanaita paileti. Ukichungulia utaona kile kimoto cha bluu kinalamba ncha ya kijiti cha chuma, kijiti kikiwa cha moto valvu ya gesi inabaki wazi. Hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 21. Oksijeni ikishuka kufika kama 18 kile kimoto kinainuka, kinaiacha ile ncha, kijiti kinapoa, valvu inajifunga. Ni kitu kizuri sana, hita isiyo nayo usiiguse kabisa hata upewe bure, na zile za zamani za kununua mtumba nyingi hazina.

Lakini umeona inapima nini? Inapima oksijeni tu. Haijui kabisa kama kuna kaboni monoksaidi. Bana, yaani pale gesi inapowakia, ikiwa imejaa vumbi na manyoya ya paka, au presha ya gesi sio sawa, hita inaweza kutoa sumu wakati oksijeni ya chumbani bado iko juu, na sensa inaona mambo shwari. Ndo maana lazima uwe na alamu ya kaboni monoksaidi pembeni, ni vitu viwili tofauti na kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake.

Na kingine, paileti ikianza kuzimika zimika watu wanakasirika, wanaibana kwa waya au wanashikilia kitufe ili iendelee kuwaka. Usifanye hivyo jamani. Inazimika kwa sababu chumba hakina hewa ya kutosha au pale ndani pamechafuka. Fungua dirisha, izime, ita fundi.

Ninunue ya ukubwa gani? Si kubwa ndo inapasha haraka?

Kubwa kuliko chumba ni hatari. Nguvu ya hita imeandikwa kwa BTU (kipimo cha joto) kwa saa, na hesabu yake sio ngumu: pima urefu, upana na kimo cha chumba kwa futi, zidisha vyote, jibu lizidishe tena kwa 20. Mfano sebule ya futi 12 kwa 14 yenye dari futi 8 inatoa 1,344, mara 20 ni 26,880. Maana yake hita ya 30,000 haifai hapo, ya 20,000 inafaa. Kama kuna kifaa kingine cha gesi kinachovuta hewa ya chumba hicho hicho nacho kinaingia kwenye hesabu. Na usihesabu korido au jikoni kama kuna mlango unaofungwa katikati.

Chumba cha kulala kina kikomo chake, isizidi BTU 10,000, na bafuni isizidi 6,000, tena iwe ya kufungwa ukutani sio ya kuhamahama. Ukikaa kwenye nyumba ya trela angalia lebo imeandikwa inaruhusiwa kwenye nyumba za aina hiyo, kama haijaandikwa achana nayo.

Naweza kuifunga mwenyewe? Nimeona video.

Kutundika kwenye skrubu unaweza. Kuunganisha gesi muachie fundi wa gesi mwenye leseni, na sehemu nyingi sheria inataka hivyo pamoja na kibali. Najua fundi ni ghali huku. Lakini sikiliza anachofanya. Kwanza anaangalia kama hita ni ya propeni au ni ya gesi ya bomba la mtaa, kwa sababu kwa macho zinafanana kabisa, ila presha na matundu ni tofauti, ukichanganya moto unakuja mkubwa mno na moshi mchafu. Alafu anapima presha kwa geji, anaweka valvu ya kufungia karibu na hita, na kale kabomba kafupi kanakoelekea chini ka kunasa uchafu.

Mwisho anapaka maji ya sabuni kila kiungo. Hii simama uangalie kwa macho yako. Povu likitulia ni salama, likianza kutoa vipovu vidogo vidogo vinavyokua na kupasuka, hapo gesi inavuja hata kama hamsikii harufu, anafunga gesi, anakaza, anapaka upya. Fundi anayepima kwa kiberiti mfukuze.

Mtungi unakaa nje. Nje kabisa, sio bezimenti (chumba cha chini ya nyumba), sio kwenye gereji, sio kwenye veranda iliyozibwa kwa nailoni. Hata ule wa paundi 20 wa kuchomea nyama hauruhusiwi kuingizwa ndani ya nyumba ya kuishi, najua kwetu mtungi unakaa jikoni chini ya meza na tumezoea, huku hapana.

Alafu pazia, kochi, kitanda, nguo za kuanika, vyote vikae angalau futi 3 mbele ya hita, na soma kitabu chake kwa umbali wa juu na pembeni. Kwenye nyumba zetu hiyo ya nguo ndo inasahaulika, nepi zimelowa, nje barafu, mama anaziegemeza hapo. Tafuta kamba chumba kingine mama.

Nikisikia harufu ya gesi?

Propeni yenyewe haina harufu, wanaitia dawa inayonuka kama yai viza ili ujue. Na ni nzito kuliko hewa, inashuka sakafuni na kujaa sehemu za chini. Ndugu zangu wa Goma mnaijua mazuku, ile hewa mbaya inayolala mabondeni na kuua mbuzi na watoto wakati mtu mzima aliyesimama hajasikia kitu, propeni nayo inatambaa chini hivyo hivyo, tofauti hii inalipuka. Kwaiyo harufu inuse pia karibu na sakafu na bezimenti.

Ukiisikia usiwashe taa wala kuzima, usichomoe kitu, usipige simu ukiwa ndani. Toa watu wote, funga valvu ya mtungi kama unaufikia salama, nenda mbali, ndo upige 911. Ukisema tu neno "Swahili" wanakutafutia mkalimani.

Tunaweza kulala ikiwaka? Watoto wanasikia baridi.

Hapana. Pasha nyumba mapema, zima mkienda kulala, ongezeni blanketi. Mtu aliyelala hasikii kichwa kinauma, hasikii kizunguzungu, anapitiliza tu. Na mkiwa macho ikiwa inawaka acha dirisha wazi kidogo, kama inchi moja. Najua inauma, unalipia joto alafu unafungua dirisha, lakini hiyo ndo bei ya hita isiyo na bomba.

Pia usiifanye ndo hita ya nyumba nzima kutwa kucha. Ni ya kusaidia, ya masaa machache, au ya siku umeme umekatika.

Kwanini madirisha yanatoa jasho na mtoto wangu wa pumu anakohoa zaidi?

Galoni moja ya propeni ikiungua inatoa karibu lita 3 za maji kama mvuke, na hita ya BTU 20,000 inamaliza galoni kwa kama masaa manne na nusu. Maji hayo yanaenda wapi? Yanaganda kwenye vioo, yanaingia ukutani nyuma ya kabati, baadaye unaona ukungu mweusi. Ukungu na ile naitrojeni dayoksaidi vyote vinachokoza mapafu yenye pumu. Nyumba yenye mtu wa pumu, wa moyo au mjamzito, mi nashauri mtafute njia nyingine ya joto kabisa.

Rangi mpya, spirei za nywele, dawa za kufanyia usafi, usivitumie ikiwa inawaka, mvuke wake ukipita kwenye moto unatoa harufu kali inayowasha macho.

Alamu nifunge wapi?

Kila ghorofa, na karibu na vyumba vya kulala ili iwaamshe. Bonyeza kitufe cha kujaribu kila mwezi. Ikilia mara nne ikapumzika ikarudia, mara nyingi hiyo ndo sumu yenyewe, tokeni. Ikitoa mlio mmoja mfupi kila baada ya muda ni betri, au imezeeka, tarehe yake iko nyuma. Na msiseme inasumbua, imetengenezwa isikurupuke: kiwango kidogo cha sehemu 70 kwa milioni inaweza kuchukua saa 1 hadi 4 ndo ilie, ila kikifika 400 inalia ndani ya dakika 4 hadi 15. Ikilia basi ina sababu.

Gesi ikiisha nikaingiza jiko la makala, au nikawasha oveni na kuacha mlango wazi?

Usithubutu. Makala, mkaa, uite utakavyo, unatoa kaboni monoksaidi nyingi kuliko hita yoyote nzima. Nyumba za kwetu zina nafasi juu ya ukuta, hewa inapita, na hata hivyo watu wanakufa sehemu za baridi kama Limuru na Njombe. Nyumba za huku zimezibwa kila tundu. Texas Februari 2021 umeme ulipokatika kwenye ile baridi kali watu waliingiza majiko ya mkaa ndani, wengine wakakaa kwenye gari linaunguruma gereji, familia nzima nzima zikaishia hospitali na wengine wakafa. Jenereta nayo nje, futi 20 kutoka mlangoni.

Mimi mpangaji tu na nyumba haina joto.

Basi usianze na hita, anza na mwenye nyumba, kwa maandishi. Miji mingi inamlazimisha. New York kwa mfano, kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31, nje ikishuka chini ya digrii 55 za Farenhaiti mchana lazima ndani iwe 68, na usiku 62 bila kujali nje kukoje. Na kuna msaada wa serikali unaitwa LIHEAP, wa kulipia joto kwa wenye kipato kidogo, unalipa hata propeni. Waulize ofisi iliyowapokea mlipofika, au shule ya watoto, watawaelekeza.

Nitajuaje kama ni sumu ya gesi na sio mafua tu?

Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili unaisha nguvu, mtu anachanganyikiwa. Inafanana na mafua ila hakuna homa, na inawashika wote pamoja mpaka mbwa, alafu mkitoka nje mnapata nafuu na mkirudi inarudi. Tokeni, pigeni 911, msirudi kuchukua koti.

Mkifika emajensi wanaweka kile kibano kidoleni kinasoma 98, 99, mnaambiwa mko sawa. Kibano cha kawaida hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksaidi kwenye damu, kinaona vyote ni sawa. Kwaiyo sema wewe mwenyewe, hata kama Kiingereza hakijakaa vizuri: nyumbani kuna hita ya gesi na tumeumwa wote, naomba kipimo cha damu cha kaboni monoksaidi. Mjamzito apimwe hata akijisikia nafuu, maana mtoto tumboni anaumia zaidi na kwake sumu inachelewa kutoka. Tiba yake ni oksijeni safi kwa maski, inaitoa kwa kasi, kinachopungua nusu kwa masaa 4 mpaka 6 kwenye hewa ya kawaida kinapungua nusu kwa kama saa moja na nusu, msiivue mpaka waseme wao. Na kabla hamjarudi kulala pale, zimamoto wapite kwanza na kipimo chao, na hita isiwashwe mpaka fundi aifungue aone kulikuwa na nini.