Je, wajua kwa nini sentensi moja ya kueleza zana ya kompyuta yaweza kuikata ofisi nzima mtandaoni?

Tuseme kuna kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini Mombasa, yenye ofisi Moi Avenue, ghala Changamwe na mhasibu anayefanyia kazi nyumbani kwake Nyali. Sehemu hizo tatu zimeunganishwa kwa mtandao wa kibinafsi, yaani mtandao unaopita juu ya intaneti ya kawaida lakini usioingilika bila idhini. Jioni moja meneja anamwandikia wakala wa akili mnemba, yaani programu inayotenda kazi yenyewe kwa kuagizwa, aliyekabidhiwa mipangilio ya mtandao huo: "Mruhusu mhasibu afikie seva ya ankara." Wakala anajibu kwamba kazi imekwisha. Asubuhi mhasibu anaipata seva bila shida, ila ghalani Changamwe kila kompyuta imefungiwa nje.

Ni rahisi kudhani kwamba wakala amekosea hesabu. Hata hivyo, chanzo ni sentensi aliyoisoma kabla ya kutenda, kwa kuwa zana aliyoitumia, yaani amri iliyotayarishwa ambayo wakala huiita ili kutenda kazi fulani, ilikuwa imeelezwa hivi: "Huweka kanuni za ruhusa." Kuweka kwaweza kuwa kuongeza juu ya kanuni zilizopo, na kwaweza pia kuwa kuzifuta zote na kuandika nyingine mahali pake. Zana ile ilikuwa ya namna ya pili, na hakuna neno lililomwambia wakala hivyo.

Wakala huyu haoni namna zana ilivyoundwa ndani. Katika itifaki (kanuni za mawasiliano kati ya programu) ya Model Context Protocol, iliyotangazwa na Anthropic mnamo Novemba 2024 na ambayo leo inatumiwa kuunganisha programu nyingi za aina hii, modeli, yaani akili mnemba inayomwongoza wakala, husomewa jina la zana, maelezo yake na orodha ya vigezo inavyovihitaji, yaani taarifa za kujazwa. Hali yake ni ya mtu aliyetumwa Marikiti kununua bizari katika mikebe iliyofungwa, asiyeruhusiwa kunusa wala kuonja: kibandiko kikidanganya, mchuzi umeharibika.

Kwa hiyo maelezo hayo yanapaswa kupimwa kama sehemu ya zana yenyewe, na kuyasoma na kuridhika hakutoshi, kwa sababu aliyeyaandika anajua tayari alichokusudia. Kipimo cha kweli ni kuandaa maombi kwa lugha ambayo watu wa ofisi huitumia, kumpa wakala mtandao wa majaribio, kisha kuangalia amechagua zana ipi na amejaza nini katika kila kigezo. Ombi moja lirudiwe mara kadhaa, maana modeli haitoi jibu lile lile kila mara, na zana iliyochaguliwa sawasawa mara saba katika kumi bado ni hatari pale inapogusa ruhusa za watu. Yawepo pia maombi ambayo jibu sahihi ni kutotumia zana yoyote bali kuuliza kwanza. Kwa maoni yangu haya ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote, na ndiyo yanayosahaulika.

Mitandao ya kibinafsi ina mtego wake wa pekee, nao ni anwani, yaani namba za kutambulisha vifaa mtandaoni. Waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996, mmoja wa nyaraka za kanuni za intaneti, umetenga anwani ambazo kila mtu anaweza kuzitumia ndani kwake, zikiwemo zile zinazoanza na 192.168, na kwa sababu hiyo 192.168.1.10 inaweza kuwa printa Moi Avenue na wakati huo huo kamera Changamwe. Maelezo yanayosema tu "anwani ya kifaa" yanamlazimisha wakala kubahatisha. Yanayomtaka atumie kitambulisho cha kifaa, na kumwambia ni zana ipi inayokiorodhesha, yanamwondolea bahati nasibu hiyo.

Itifaki hiyo ina pia alama za kuonyesha kwamba zana ni ya kusoma tu au kwamba yaweza kuharibu. Zinafaa, lakini itifaki yenyewe inaziita dokezo, na inaonya zisiaminiwe zikitoka kwa seva isiyoaminika.

Sentensi yetu ya mwanzo ingeweza kuandikwa hivi: "Hufuta kanuni zote za ruhusa na kuweka orodha hii mahali pake. Ili kuongeza kanuni moja, soma kwanza orodha iliyopo, ongeza kanuni hiyo, kisha tuma orodha nzima. Usiondoe kanuni inayokuruhusu wewe kuingia." Agizo la mwisho lisidharauliwe. Wakala akijifungia nje ya mtandao anaousimamia kwa kupitia mtandao huo huo, hakuna amri ya kurekebisha itakayofika, na itabidi mtu atoke Moi Avenue, avumilie foleni ya Makupa hadi Changamwe, akabonyeze ruta kwa mkono wake.