Je, wajua kwa nini bendi ya blugrasi haihitaji dramu?

Itazame bendi ya blugrasi, muziki wa Marekani wa vyombo vya nyuzi, ikiwa jukwaani, kisha hesabu vyombo. Banjo, fidla, gitaa, besi kubwa la kusimama, mandolini. Dramu hakuna. Tumba hakuna, hata manyanga hakuna. Na bado nyimbo zinakwenda mbio mno, waimbaji wanapokezana, wapigaji wanaingia na kutoka, na hakuna anayepotea njiani. Mtu aliyelelewa na muziki wa dansi lazima ajiulize: mapigo anayashika nani?

Anayashika mpiga mandolini. Ndiyo, chombo kile chembamba kinachobebwa kifuani, ambacho wengi wakikiona hudhani kimewekwa pale kwa ajili ya mapambo.

Mandolini ina nyuzi nane zilizopangwa jozi jozi, kwa hiyo vidole huzihesabu kama nne. Sauti zake zimepangwa sawa na za fidla: G, D, A, E. Ukoo wake unafika mbali: imetokana na vinanda vya Ulaya vya jamii ya luti, na luti yenyewe ilitokana na udi wa Waarabu, huu huu tunaousikia kwenye taarabu ya Unguja na Mombasa. Nyuzi za mandolini ni fupi na zimekazwa sana, kwa hiyo ukiupiga uzi mara moja sauti yake huzima upesi. Waitaliano waliizunguka shida hiyo kwa kutetemesha mkono, wakiupiga uzi juu chini, juu chini, hadi sauti ikaonekana kama imenyooka.

Wamarekani wa milimani na mashambani walifanya kinyume. Sauti inazima upesi? Basi na izime upesi zaidi. Mkono wa kushoto hubana jozi zote nne bila kuacha hata moja wazi, wa kulia huchapa mara moja kwa nguvu, na papo hapo vidole vya kushoto hulegea bila kuondoka kwenye nyuzi. Kinachosikika ni “chak!”, kifupi na kikavu. Besi hupiga pigo la kwanza na la tatu, mandolini hujibu kwenye la pili na la nne. Funga macho, utaapa kuwa nyuma yao yuko mtu wa dramu: besi ndiyo ngoma kubwa ya mguuni, mandolini ndiyo snea, ile ngoma ndogo yenye sauti kavu.

Kwa anayetaka kujaribu, mkao wa vidole unaotumika zaidi kwa kordi ya G (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) uko hivi, ukihesabu freti, yaani vile vyuma vilivyokatiza shingo ya chombo: freti ya 7 kwenye nyuzi nene, ya 5 kwenye jozi inayofuata, ya 2, kisha ya 3 kwenye nyuzi nyembamba. Vidole vinatanuka mpaka kiganja kinalia, na kidole kidogo, ambacho maishani mwake hakijawahi kupewa kazi nzito, ndicho kinachotumwa kwenye freti ya 7. Lakini ukishaumudu mkao huo umepata mali. Kwa kuwa hakuna uzi ulio wazi, unausogeza mkono huo huo freti mbili mbele na tayari uko kwenye A. Mbili tena, uko kwenye B.

Aliyeufanya uchapaji huu kuwa uti wa mgongo wa muziki mzima ni Bill Monroe, na kwake mandolini ilikuwa masalio. Alizaliwa tarehe 13 Septemba 1911 karibu na Rosine, jimboni Kentucky, akiwa wa mwisho katika watoto wanane. Kaka zake, Birch na Charlie, walishajichukulia fidla na gitaa. Kitinda mimba akaachiwa kilichobaki, na kama haitoshi, mwenyewe alisimulia kwamba walimtaka apunguze nyuzi zibaki nne ili asiwapigie kelele. Kuhusu mapigo alijifunza mengi kwa Arnold Shultz, mwanamuziki mweusi wa huko huko Kentucky, ambaye kijana Monroe alikuwa akimsindikiza kupiga kwenye dansi za vijijini. Jambo hili lafaa kukumbukwa kila watu wanapouita huu muziki wa Wazungu watupu. Hata banjo, asili yake ni vinanda vya Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani.

Mwaka 1939 Monroe na bendi yake, Blue Grass Boys, walianza kupiga kwenye Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha Nashville ambacho kwa miaka mingi hakikutaka kabisa kuona dramu jukwaani. Kwa hiyo kazi ya kushika mapigo ilikuwa wazi, na mwenye bendi akaichukua mwenyewe. Katika miaka ya 1940 aliiona mandolini ya kampuni ya Gibson ya mwaka 1923 ikiuzwa kwa kinyozi huko Miami, akainunua kwa dola 150. Ilikuwa ya aina ya F-5: uso umechongwa ukatuna, na matundu yake ya sauti yamekatwa kama ya fidla. Sauti ya chombo hicho ilikuwa kali na ya kulenga, na ilipenya katikati ya banjo na fidla hata wote wakiwa wamezunguka maikrofoni moja. Earl Scruggs alipoingia na banjo yake Desemba 1945, sura ya blugrasi tunayoijua leo ikawa imekamilika.

Monroe alikuwa mwalimu wa aina ya peke yake. Hakukaa na mtu akamwelekeza weka kidole hapa. Zaidi ya wanamuziki mia moja walipita katika bendi yake kwa miongo mingi, na kila mmoja alijifunza kwa kusimama karibu na kuiba kwa macho. Mmoja wao ndiye ninayetaka kukaa naye zaidi, kwa sababu yeye alikuja kuwa mwalimu hasa.

Roland White alizaliwa tarehe 23 Aprili 1938 huko Madawaska, mji wa jimbo la Maine ulio mpakani kabisa na Kanada. Nyumbani kwao Kifaransa kilikuwa lugha ya kawaida, na ukoo wao hapo awali uliitwa LeBlanc. Baba alikuwa anapiga vyombo kadhaa na watoto wakafuata: Roland mandolini, Eric besi, na mdogo wao Clarence, aliyezaliwa 1944, gitaa. Mwaka 1954 familia ilihamia Burbank, California. Fikiria umbali huo: watoto wa Kifaransa kutoka kaskazini kabisa, wanaishi jirani na studio za filamu za Hollywood, na muziki walioupenda kufa ni wa watu wa Kentucky. Waliupata kwa njia moja tu, santuri. Wakaicheza, wakaisimamisha, wakairudia.

Bendi yao baadaye iliitwa Kentucky Colonels, ingawa hakuna hata mmoja wa ndugu hao aliyezaliwa Kentucky.

Mwaka 1961 Roland aliitwa jeshini na kupelekwa Ujerumani. Bendi ikabaki bila mandolini, kwa maana kwamba solo zake zilikuwa hazina mwenyewe. Katika blugrasi ya wakati huo gitaa kwa kawaida lilikuwa la ridhimu: linasukuma nyuma, ni nadra kujitokeza mbele. Clarence, kijana wa miaka 17, akaanza kuziba pengo kwa gitaa lake, akipiga nyimbo noti kwa noti kama fidla. Kaka yake aliporudi 1963 alimkuta mdogo wake ni mpigaji mwingine kabisa. Mwaka uliofuata Kentucky Colonels walitoa santuri ya vipande visivyo na maneno, na mpaka leo wapiga gitaa wa blugrasi wanaichambua kama andiko. Kwangu mimi hapa ndipo siri ya muziki huu inapoonekana wazi. Dramu haikuwepo, mandolini ikaifanya kazi yake. Mandolini ilipokwenda jeshini, gitaa likaamka.

Kisha zamu ikamgeukia Roland mwenyewe. Mwaka 1967 alipata nafasi kwa Bill Monroe. Nafasi ya mandolini? Hiyo haikuwa na mjadala, bosi anaishika mwenyewe! Roland aliingia kama mpiga gitaa, na kwa takriban miaka miwili alisimama bega kwa bega na mtu aliyekuwa akimsikiliza kwenye santuri tangu ujana. Nani angejua uchapaji wa Monroe kuliko mtu wa gitaa la ridhimu, ambaye kila usiku lazima aweke mkono wake kati ya “chak” moja na nyingine? Mwanafunzi wa mandolini aliyekaa miaka miwili bila kupiga mandolini jukwaani aliondoka na elimu ambayo vitabu haviwezi kutoa.

Mwaka 1969 alirudi kwenye chombo chake katika bendi mpya ya Lester Flatt, mwimbaji na mpiga gitaa aliyewahi kuwa kwa Monroe. Huko ndiko ulikoanza kuonekana ule moyo wake wa kuvuta vijana. Mwaka 1972 alimwalika mtoto wa miaka 13 kutoka Mississippi, Marty Stuart, aje kusafiri nao mwishoni mwa wiki moja. Flatt akamsikia, akampa kazi. Roland alipoondoka mwaka uliofuata, mandolini ikabaki mikononi mwa mtoto huyo, ambaye baadaye akawa nyota mkubwa wa muziki wa kantri.

Roland aliondoka ili ndugu watatu wapige pamoja tena. Haikudumu. Julai 1973 huko Palmdale, California, walipokuwa wakipakia vyombo garini baada ya onyesho, dereva mlevi aliwagonga. Roland aliumia, Clarence akafa akiwa na miaka 29.

Kazi iliendelea. Alikaa na bendi ya Country Gazette mpaka 1987, halafu na Nashville Bluegrass Band mpaka mwaka 2000. Bendi hiyo ya pili ilipata tuzo mbili za muziki za Grammy katika miaka ya 1990. Lakini wanaomkumbuka kwa mapenzi zaidi ni wanafunzi: wa nyumbani Nashville, wa kambi za muziki za kiangazi, na wale waliojifunza mbali kwa vitabu na rekodi alizotengeneza pamoja na mkewe, mpiga gitaa Diane Bouska. Katika rekodi hizo wimbo hupigwa kwanza pole pole, kisha kwa kasi yake halisi, na gitaa la ridhimu liko chini yake, ili anayejifunza awe na mtu wa kupiga naye hata akiwa peke yake chumbani. Upigaji wake mwenyewe ulikuwa na nafasi nyingi. Alishika wimbo wenyewe, akaruka noti ambazo wengine wangezijaza, kisha akaja na pigo moja pasipotarajiwa likakufanya ucheke. Vijana wanaopiga noti nyingi kama mvua ya bati walimwona wa kizamani. Mimi naona walikuwa hawajamsikiliza vizuri.

Mwaka 2017 aliingizwa kwenye jumba la heshima la blugrasi, mwaka mmoja baada ya marehemu mdogo wake. Alifariki tarehe 1 Aprili 2022, akiwa na miaka 83.

Limebaki swali ambalo msomaji makini atakuwa nalo: mpiga mandolini anapopiga solo, nani anachapa? Hawezi kufanya yote mawili kwa mkono mmoja. Hapo ndipo banjo inaacha mbio zake na kuchukua pigo la pili na la nne kwa kordi fupi fupi, au fidla inachapa kwa upinde karibu na kisigino chake. Solo ikiisha, mandolini inarudi kazini bila hata kutazamana. Kwenye bendi nzuri makabidhiano haya hayasikiki. Kwenye bendi mbovu ndiyo pekee yanayosikika.

Na kweli, wapo waliojaribu dramu. Jimmy Martin, aliyewahi kuimba na Monroe, aliweka snea kwenye rekodi zake, na bendi ya Osborne Brothers nayo ikatumia dramu, mpaka wahafidhina wakanuna. Ajabu ni kwamba Bobby Osborne, mpiga mandolini wa bendi hiyo, hakuacha kuchapa kwa sababu kuna dramu nyuma yake, na katika uzee wake alikuwa akifundisha mandolini kwenye chuo cha muziki wa blugrasi huko huko Kentucky.