Homa ya ini E haitoki kwenye maji machafu pekee

Kwa miaka mingi homa ya ini E imeelezwa kuwa ugonjwa wa maji yaliyoingiliwa na kinyesi, wa kambi za wakimbizi na miji iliyokumbwa na mafuriko. Hiyo ni kweli kwa aina ya 1 na ya 2 za virusi, ambazo makao yake ni binadamu. Aina ya 3 na ya 4 huishi kwa wanyama.

Mwaka 1997 mtafiti wa virusi Xiang-Jin Meng na wenzake walitangaza kuwa wamekuta kirusi cha jamii hiyo kwa nguruwe wa Marekani. Nguruwe huambukizwa akiwa na miezi 2 hadi 3, akakitoa kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa huku akila na kunenepa kama kawaida. Ndiyo maana kumkagua kwa macho hakusaidii kitu.

Nchini Ufaransa, watu waliugua kwa kula figatelli, soseji ya kisiwa cha Corsica ya ini la nguruwe, inayotiwa moshi bila kupikwa. Moshi haukiui kirusi hiki. Hata nyuzi joto 56 kwa saa nzima hazitoshi kukiua. Kwenye nyama ya kusaga yenye mafuta, watafiti walihitaji nyuzi 71 kwa dakika 20, kwani mafuta hukikinga. Kwa hiyo kata ini vipande vyembamba, pika hadi katikati pasibaki uwaridi, kisha osha kisu na ubao kwa sabuni kabla ya kukatia kachumbari. Hapo ndipo wengi huteleza.