Zamani Marekani kiti cha seneta kikiwa wazi nani alikuwa anakijaza?

Swali hili tunaulizwa sana, watu wanadhani seneta wa Marekani toka enzi na enzi anapigiwa kura na wananchi, kumbe hilo limeanza 1913 tu. Katiba ya 1787 ilisema kila jimbo lina maseneta wawili, wanachaguliwa na bunge la jimbo, miaka 6, na mmoja akifa au akijiuzulu wakati bunge lao limefunga basi gavana anateua mtu wa kushikilia mpaka wabunge warudi wachague wenyewe. Sasa mabaraza mawili ya bunge la jimbo (wawakilishi na seneti ya jimbo) yakigombana inakuwaje? Katiba kimya, na hapo ndo palizuka kasheshe.

Virginia ilienda fasta. Machi 1790 seneta wao William Grayson akafariki, gavana akamteua John Walker mwezi huohuo, Novemba bunge likamchagua James Monroe, yule aliyekuja kuwa rais.

Pennsylvania sasa! 1788 bunge lao lilikuwa na baraza moja, wakachagua maseneta wao bila shida. 1790 wakaandika katiba mpya ya jimbo wakaongeza baraza la pili, kipindi cha mmoja wao, William Maclay, kikaisha Machi 1791 ikawa vuta nikuvute: wawakilishi, ambao ndo wengi, wanataka wote wakae ukumbi mmoja wapige kura pamoja, seneti ya jimbo inasema thubutu, mtatumeza, kila baraza lipige kivyake. Kiti kikakaa wazi karibia miaka 2, na wakati huo serikali kuu ilishahamia Philadelphia, mji wa hapohapo Pennsylvania, yani mwenye nyumba ndo ana seneta mmoja. Februari 1793 seneti ya jimbo ikalegeza, wakapiga pamoja, Albert Gallatin akapita kwa 45 dhidi ya 37. Alipoenda kukaa, Seneti ya taifa ikamtoa 1794, kura 14 kwa 12, kwamba hajatimiza miaka 9 ya uraia. Kiti wazi tena.

Delaware wao seneta George Read alijiuzulu 1793, bunge likakutana Januari 1794 likafunga bila kuchagua mtu, Machi gavana akamteua Kensey Johns. Seneti ikamkataa 20 kwa 7, maana wabunge walishakutana na nafasi walikuwa nayo, kwa hiyo mamlaka ya gavana yalishakwisha. Kwa maoni yangu walikuwa sahihi, la sivyo bunge lolote lenye ugomvi lingekuwa linamsukumia gavana kazi yake.

1866 ikatungwa sheria ya nchi nzima: kila baraza lipige kivyake kwanza, majina yasipolingana wakae pamoja na wapige kila siku mpaka mtu apatikane. Haikutosha, Delaware hiyohiyo 1901 mpaka 1903 haikuwa na seneta hata mmoja. Marekebisho ya 17 ya katiba ya mwaka 1913 ndo yakawapa wananchi kura, ila gavana bado anaweza kuteua wa muda, bunge la jimbo likimruhusu.